Ng'ambo ya Kyaka: upande tuliouchagua na ule tuliouacha

Daraja la Kyaka lilivunjwa kwa baruti tarehe 3 Novemba 1978. Siku chache kabla yake majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka wa Mutukula, yakalishika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo, kilometa za mraba zipatazo 1,840, sasa ni la Uganda. Baruti ile ilikuwa na maana moja tu: mto uwe mpaka, na anayetaka ng'ambo aogelee. Waliobaki kaskazini, watu wa Missenyi, waliuawa, waling'olewa mabati, waliswagiwa ng'ombe wao kuelekea Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Waliowahi kuvuka walikimbilia kusini. Kutoka Mutukula hadi Izigo, iliyo Muleba kusini mwa mji wa Bukoba, ni safari ya saa chache tu kwa gari, na kwa hiyo hakuna sehemu ya mkoa huu, wakati ule ukiitwa bado Ziwa Magharibi, iliyoweza kusema kwamba vita vile ni habari ya redioni. Ndivyo tunavyovikumbuka, na ndivyo vinavyofundishwa: nduli alituvamia, tukampiga, tukashinda. Kila neno la hadithi hiyo ni kweli. Lakini ndani yake kuna vita vya pili ambavyo tunavitaja kwa haraka mno, navyo ni vita vya Waganda wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza kabla ya 1978 na kuendelea baada ya 1979. Katika vita hivyo vya pili Tanzania haikuvamiwa. Ilichagua upande. Na nikiyapima yaliyofuata, naona kwamba kosa letu halikuwa kuvuka mto, kama wengi wa nje walivyotulaumu. Kosa lilikuwa kuuona mgogoro wa Uganda, tangu 1971, kama uchaguzi kati ya watu wawili, Amin na Obote, hadi ule upande wa tatu ulipojitokeza ukakuta bunduki zote zimekwisha gawiwa.

Ili kuelewa ugumu wa kuchagua, lazima kwanza tuuangalie mpaka wenyewe. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliligawa eneo la magharibi ya ziwa kwa kufuata mstari wa digrii moja kusini ya ikweta, mstari ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona kwa macho wala kuukanyaga kwa miguu akaujua. Mto ulioonekana ukaachwa. Mstari usioonekana ukafanywa mpaka. Hivyo ndivyo sehemu ya ardhi iliyoko kaskazini ya Kagera ikawa ya upande wa Bukoba, na hivyo ndivyo ndugu waliokuwa wakioana na kuelewana lugha bila mkalimani wakajikuta raia wa nchi mbili. Amin alipodai kwamba mto ndio mpaka wa haki, aligusa jambo ambalo kwenye ramani lilikuwa na sura ya busara. Jibu la Tanzania lilikuwa limeandikwa tangu 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Cairo na kukubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, hata kama ilichorwa kipumbavu, kwa sababu kuifungua ni kufungua vita visivyo na mwisho. Mwalimu Nyerere ndiye aliyelitoa azimio hilo. Jambo hili litakumbukwa baadaye, maana mtu huyohuyo alikuwa pia kiongozi wa kwanza Afrika kuitambua Biafra, Aprili 1968, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria. Hakuwa mtu wa kuogopa kuchagua upande ndani ya nchi ya mwenzake. Hoja yake juu ya Biafra ilikuwa kwamba serikali inayoshindwa kuwalinda raia wake haiwezi kuwadai utii kwa mtutu wa bunduki. Ni hoja nzito, na ilimrudia Uganda.

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa madaraka Kampala. Mjini watu walisherehekea, hasa Wabaganda, ambao Obote alikuwa amewaondolea Kabaka wao kwa nguvu mwaka 1966. Tanzania ilikataa kumtambua Amin na ikampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Uamuzi huo haukuwa na aibu. Ndani ya mwaka mmoja askari wa Kiacholi na Kilango walikuwa wanachinjwa kambini, na baadhi ya waliofungwa katika gereza la Mutukula, hatua chache kutoka kwetu, walitoroka mwanzoni mwa 1972 wakavuka kuja Tanzania na habari ambazo hakuna aliyeweza kuzipuuza. Kwa hiyo swali la kwanza, je, tumpinge Amin, lilikuwa na jibu. Lililoponyoka ni swali la pili: tukimpinga Amin, tunamuunga mkono nani? Waliosherehekea Januari 1971 hawakuwa wauaji. Walikuwa raia waliochoshwa na Obote, na kati yao walikuwamo mawakili, wakulima, makasisi na wafanyabiashara ambao mwaka mmoja baadaye walikuwa wanamhofu Amin bila kumtamani Obote. Kwao Dar es Salaam haikuwa na mlango. Aliyetaka kumpinga Amin kwa msaada wa Tanzania alipaswa kupitia kwa Obote au angalau kando yake.

Matokeo yake yalionekana Septemba 1972. Usiku wa kuamkia tarehe 17, wapiganaji zaidi ya elfu moja waliondoka ardhi ya Tanzania wakaingia Uganda kwa njia mbili: kundi la Obote kuelekea Masaka, kundi la Yoweri Museveni kuelekea Mbarara. Mpango ulikuwa na mguu wa tatu, nao ndio unaowavutia wapenda kubahatisha historia. Ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ichukuliwe kwa siri Dar es Salaam, ipitie Kilimanjaro kubeba makomando, iwashushe Entebbe kabla Amin hajaamka. Ndege ilifika Kilimanjaro, ikatua vibaya, na matairi yake yakapasuka. Ikabaki pale uwanjani, na makomando wakabaki chini. Magari ya nchi kavu yaliingia Uganda bila mshtuko wowote wa Entebbe, yakakuta jeshi limejiandaa, na katika siku chache shambulio lilikuwa limevunjwa. Ndege za Amin zikaja kuushambulia mji wa Bukoba, na Mwanza pia. Tarehe 5 Oktoba, kwa usuluhishi wa Somalia, ukatiwa sahihi mkataba wa Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilometa 10 kutoka mpakani, na usiwasaidie wapinzani wa mwenzake. Askari wa uhamishoni wakaenda kukaa Tabora wakisubiri siku nyingine.

Ni rahisi kusema: lau matairi yale yasingepasuka. Amin angekamatwa akiwa kitandani, Waganda wasingekufa kwa mamia ya maelfu, Missenyi isingeporwa, daraja lisingevunjwa. Mimi siamini hivyo, na ushahidi uko katika majuma yale yale. Agosti 1972 Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90, na kwa ukatili wake wote tangazo lile lilikuwa limempa sifa kwa wengi waliokuwa wakitazama maduka kwa uchu. Wavamizi walipopita vijijini hakuna aliyeinuka kuwaunga mkono. Makomando wangeweza kuiteka Entebbe; wasingeweza kuiteka Buganda. Obote angerudishwa na tairi zima la ndege, na angelazimika kutawala kwa jeshi lile lile la makabila mawili matatu ambalo lilimwangusha. Tunachoweza kukisema kwa uhakika ni kile ambacho shambulio lile lilikigharimu. Tarehe 21 Septemba, siku nne baada ya wavamizi kuvuka, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa mahakamani mchana kweupe na watu wa Amin, na hakuonekana tena. Kiwanuka aliwahi kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa kiongozi wa chama cha Democratic, alifungwa na Obote na kufunguliwa na Amin, na katika kiti cha jaji alikuwa ameanza kumwambia Amin kwamba sheria ni sheria. Mwezi uliofuata akapotea Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Hao ndio waliokuwa upande wa tatu. Amin ndiye aliyewaua, na damu yao ni yake. Lakini shambulio lililokusudiwa kumrudisha Obote ndilo lililompa kisingizio cha kumtazama kila mtu mwenye heshima yake kama jasusi wa Dar es Salaam.

Sasa tuje 1978. Kuna pingamizi ambalo linastahili jibu la heshima, nalo ni hili: Tanzania ingeishia mpakani. Ingeirudisha Missenyi, ingeinua bendera Mutukula, na kuwaachia Waganda nyumba yao. Amin alikuwa amekwisha dhoofika. Makamu wake Mustafa Adrisi alikuwa ameumia katika ajali ya gari ambayo wengi hawakuiamini kuwa ajali, na vikosi vilikuwa vinaasi. Angeanguka mwenyewe. Hoja hii ina nguvu, na jambo ambalo wanaoitoa huenda hawalijui ni kwamba Mwalimu mwenyewe aliitoa. Alipotamka Novemba 2 kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, hakusema Kampala. Mutukula ilipokombolewa Januari 1979, mpango uliofuata ulikuwa kuzipiga Masaka na Mbarara kama adhabu, kisha kusimama ili wapiganaji wa Kiganda wamalize kazi kwa mikono yao. Miji yote miwili ilianguka mwishoni mwa Februari, na Masaka ikabomolewa kwa hasira ya yaliyotendeka Kagera. Jeshi likangoja. Waganda wa uhamishoni walikuwa wachache mno; uasi uliotazamiwa ndani haukutokea kwa kiasi cha kumwangusha mtu; na kutoka kaskazini wakashuka askari wa Libya. Tarehe 10 na 11 Machi, Lukaya, katika njia inayokatiza kinamasi, wakapigana na Watanzania, wakashindwa. Kwa maneno mengine, ile historia mbadala ya kusimama njiani haikubaki kichwani mwa mtu. Ilijaribiwa kwa majuma kadhaa uwanjani, ikashindwa. Tena mkataba wa Mogadishu ulikuwa umetuonyesha miaka sita mapema thamani ya mstari uliochorwa na Amin kwa kalamu yake. Mtawala anayeasiwa na askari wake hutafuta vita vya nje vya kuwashughulisha. Hivyo ndivyo vita vyenyewe vilivyotufikia. Kumwacha ameumia na kuaibika Kampala kungekuwa kumkabidhi Missenyi kwa mara ya pili.

Kwa hiyo siungani na viongozi waliomlaumu Nyerere katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979. Nimeiri wa Sudan alisema kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani imevunjwa, na Obasanjo wa Nigeria akamuunga mkono. Obasanjo alikuwa na sababu zake. Ndiye kamanda aliyepokea kusalimu amri kwa Biafra Januari 1970, na alikumbuka Tanzania ilikuwa upande gani. Lakini kanuni iliyokaa kimya Amin alipoimeza ardhi ya jirani, ikapata sauti siku Amin alipoondoka, ni kanuni iliyolala upande mmoja. Kampala iliingia mikononi mwa Watanzania na wenzao wa Kiganda tarehe 11 Aprili 1979, na waliocheza barabarani siku ile hawakuwa wakiigiza.

Kosa liko mahali pengine, na kuliona inabidi turudi nyuma majuma mawili, Moshi. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wajumbe wapatao mia moja wa vikundi zaidi ya 20 vya Waganda walikusanyika huko: maprofesa, mawakili, wanajeshi, watu waliotoka Nairobi, London na Lusaka. Obote hakuwepo, kwa ushauri wa Nyerere, aliyekuwa amejua kwamba jina lile peke yake lingeuvunja mkutano. Wakaunda Uganda National Liberation Front, wakamchagua Yusuf Lule, msomi wa Makerere asiye na jeshi, awe mwenyekiti, wakaweka baraza la mashauri na tume ya kijeshi. Kwa mara ya kwanza tangu 1971 ule upande wa tatu ulikuwa na jina, ukumbi na kumbukumbu za vikao. Ulichokosa ni askari. Wenye askari walikuwa tayari wako njiani kuelekea Kampala: Kikosi Maalum cha David Oyite-Ojok na Tito Okello, watu wa Obote waliokaa Tanzania tangu 1972, na FRONASA ya Museveni, iliyokuwa inaandikisha vijana kila ilipopita magharibi. Moshi ikatoa serikali. Silaha zilikuwa zimekwisha toa jeshi. Na tume ya kijeshi ikakabidhiwa Paulo Muwanga, mtu wa Obote.

Lule alidumu siku 68. Alipoondolewa tarehe 20 Juni, wakazi wa Kampala waliandamana kumtaka arudi, naye akakaa Dar es Salaam kwa muda bila uhuru wa kuondoka. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 akajaribu kumng'oa Oyite-Ojok katika ukuu wa jeshi, na tume ya kijeshi ikamng'oa yeye. Wakati huo Tanzania ilikuwa na maelfu ya askari Uganda, jeshi pekee lililoweza kusema hapana, na halikusema. Tarehe 27 Mei Obote akashuka Bushenyi, akarudi nyumbani baada ya miaka tisa. Uchaguzi ulifanyika Desemba 10. Wagombea 17 wa UPC, chama cha Obote, walikuwa wamekwisha pita bila kupingwa, na kesho yake, wapinzani wakiwa wameanza kushangilia, Muwanga akatoa amri kwamba matokeo hayawezi kutangazwa na yeyote ila kwa idhini yake. Obote akawa rais tena.

Hapa kuna wanaojibu kwamba uchaguzi wa Waganda ni mambo ya Waganda, na Tanzania haikuwa na haki ya kuwachagulia. Ningekubali kama majeshi yetu yangekuwa yamerudi Mutukula. Lakini mwenye bunduki kubwa katika nyumba ya watu akinyamaza, wenyeji hukisoma kimya chake kama amri. Huwezi kuvuka mto kwa hoja kwamba mateso ya raia yanakupa haki ya kuvuka, kisha ukifika ng'ambo useme kura za raia hao hao hazikuhusu. Hoja iliyotufikisha Kampala ilitudai tuilinde Moshi: tungoje majeshi ya Oyite-Ojok na Museveni yavunjwe na kuundwa upya chini ya serikali ya kiraia, na tume ya kijeshi isipewe sanduku la kura. Historia hiyo mbadala haikuhitaji muujiza wala tairi zima. Ilihitaji miezi kumi na minne na subira, na Tanzania ilikuwa na uwezo nayo, ingawa si bila gharama. Lazima nilikiri hili la gharama kwa uwazi. Vita vilikuwa vimetumeza dola zipatazo milioni 500, hakuna aliyekuwa ametulipa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa tangu 1977, na maduka ya Bukoba hayakuwa na sabuni wala chumvi ya kutosha. Kiongozi mwenye hazina tupu hutamani mtu anayemjua, atakayeshika usukani ili askari warudi. Obote alijulikana. Naielewa sababu hiyo bila kuiona kuwa ilitosha.

Wapo pia watakaosema maji yakimwagika hayazoleki, na kubuni yale ambayo hayakutokea ni kupoteza wino. Kama ingekuwa kazi ya kujiliwaza, ningekubali. Lakini kila aliyeamua katika vita hivi aliamua kwa kulinganisha mambo ambayo hayajatokea. Amin alibuni Tanzania isiyojibu. Waliopanga 1972 walibuni Uganda itakayoinuka. Mwalimu alibuni Masaka itakayotosha. Tukikataa kuyapima mawazo yao dhidi ya mengine yaliyokuwa mezani siku ile ile, tutabaki na orodha ya tarehe tu.

Februari 6 1981, Museveni aliishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza. Luwero ikawa makaburi. Miongoni mwa waliokuwa na Museveni alikuwemo Fred Rwigyema, kijana wa wakimbizi wa Rwanda aliyepigana ndani ya FRONASA kando ya askari wetu mwaka 1979. Ndiye aliyewaongoza wenzake kuingia Rwanda Oktoba 1990. Sidai kwamba mauaji ya kimbari ya 1994 yalitoka Moshi moja kwa moja. Yalikuwa na mizizi yake Kigali na kabla ya Kigali. Ila mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja na ushei, lilikuwa tena daraja juu ya Mto Kagera, na ulikuwa tena mkoa huu.

Makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vile yapo Kaboya, wilaya hii ya Muleba, na mnara mweupe wenye majina yao: watu wa mikoa yote, wengi vijana wa mgambo walioacha majembe. Wakuu watatu wa Kiganda waliovuka pamoja nao hawakubaki upande mmoja. Oyite-Ojok alikufa kwa ajali ya helikopta Desemba 1983, akipigana na watu wa Museveni huko Luwero. Julai 1985 Tito Okello alimpindua Obote, aliyekaa naye uhamishoni Tanzania miaka yote ile. Na tarehe 26 Januari 1986 Museveni akaingia Kampala, akimtoa Okello.